Gari Linalozima Ukiachia Akseleta

(Sauti: injini inatetemeka, inashuka, inazima. Ufunguo unazungushwa mara tatu ndipo inawaka.)

Kama umewahi kuketi kiti cha mbele cha Probox iliyojaa abiria, sauti hiyo unaijua. Dereva anakaribia tuta, anaachia akseleta, anakanyaga breki, na injini inakufa. Anazungusha ufunguo, inawaka. Kwenye tuta linalofuata inakufa tena. Abiria wanaanza kutazamana. Mmoja anauliza kama nauli yake itarudishwa.

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya ugonjwa huo. Najua wengi mnaonisikiliza hamna gari. Lakini wapo mnaoendesha gari la mtu mwingine na kupeleka hesabu kila jioni. Wapo vijana wanaojifunza ufundi, wengine katika vyuo vya kambini, wengine chini ya mti kwa fundi mkubwa. Na wapo mliokuwa mafundi nyumbani, mkafika ukimbizini mikono mitupu, bila hata spana namba kumi. Mimi ni wa kundi hilo la mwisho. Ufundi nilianzia Uvira, kwenye Hilux na Hiace za kabureta. Sasa nafanya kazi Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, mahali ambapo vumbi linaingia hadi ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa kufuli.

Kwanza tupatane juu ya maneno, maana tunasikilizwa katika kambi za nchi kadhaa. Ule mwendo wa injini gari likiwa limesimama na mguu hauko kwenye akseleta, mafundi wa Tanzania huuita sailensi. Wakenya husema aidoli. Sisi tuliotoka Kongo, na ndugu zetu wa Burundi, tunasema ralanti. Ni kitu kimoja. Mimi leo nitasema sailensi. Injini ya gari dogo ikishapata moto, sailensi yake huwa kati ya mizunguko 600 na 800 kwa dakika. Asubuhi, injini ikiwa baridi, huwa juu zaidi, kisha hushuka yenyewe. Hiyo si ugonjwa.

Sasa, ni nini kinachoshika sailensi? Ni hewa. Watu hudhani injini inakula petroli tu, lakini kwa uzito, kila sehemu moja ya petroli huenda na sehemu karibu 15 za hewa. Mlango wa hewa hiyo ndio throtobodi. Ni bomba fupi la aluminiamu lililo kati ya mpira unaotoka kwenye eya klina na mdomo wa injini. Ndani yake kuna kisahani cha duara kinachozunguka kwenye kijiti. Kwa Kifaransa kinaitwa papillon, yaani kipepeo, nami sijaona jina linalokifaa zaidi. Ukikanyaga akseleta, kipepeo kinafunguka na hewa inaingia kwa wingi. Ukiachia, kinafunga.

Lakini hakifungi kabisa. Kikifunga kabisa, injini itakosa pumzi na kufa. Magari ya zamani kidogo, yale ambayo akseleta inavuta kipepeo kwa waya, yana kijia kidogo cha pembeni, na kijia hicho kina vali yake inayopitisha hewa ya sailensi. Magari ya baadaye hayana waya. Kuna mota ndogo ya umeme inayokishika kipepeo chenyewe, na kompyuta ya gari inaiamuru ikiache wazi kiasi cha unene wa kucha, au pungufu ya hapo. Katika aina zote mbili, uhai wa injini iliyosimama unategemea upenyo mwembamba sana.

Na upenyo mwembamba unazibika. Injini ina kipumulio kinachorudisha mvuke wa oili kwenye njia ya hewa ili uchomwe. Mvuke huo ukikutana na vumbi lililopenya eya klina, hugeuka tope jeusi linaloganda kwenye ukingo wa kipepeo. Barabarani hutaliona tatizo, kwa sababu kipepeo kimefunguka na hewa ni tele. Ni pale unapoachia akseleta ndipo injini inakosa pumzi. Ukikata usukani ukiwa umesimama, inashuka. Ukiwasha AC, inashuka zaidi. Ukitoa gia kutoka N kwenda D kwenye gari la otomatiki, inatikisika na kuzima.

Hii ndiyo dalili ya kwanza ya kumtenga mgonjwa huyu na wengine. Gari linalotetemeka wakati wote, hata likiwa mwendoni na likipanda mlima, litazame plagi na koili zake kwanza. Gari lililo zima kabisa barabarani lakini linakufa kwenye tuta, hilo litafutie hewa.

Nimesema litafutie hewa. Sijasema libadilishie throtobodi. Hapo ndipo nilipokosea mimi, na kosa langu lilimgharimu jirani yangu.

Alikuwa Mrundi, baba wa watoto wanne, tumepakana ukuta. Aliendesha Probox ya mwenyeji mmoja wa mjini, akibeba watu na mizigo kati ya Kakuma na Lodwar. Mapatano yao yalikuwa ya kawaida: kila jioni hesabu, na matengenezo madogo ni juu ya dereva. Gari lilipoanza kuzima, abiria wakaanza kulikwepa. Unajua stendi ilivyo, neno likitoka kwamba gari la fulani lina mkosi, hata mwenye haraka hulipita. Siku tatu hesabu haikutimia. Tajiri akamwambia, ikifika Jumamosi hali ni hiyo, arudishe ufunguo, kwani kuna vijana kumi wanaoutaka.

Akaniletea gari jioni. "Fundi," akaniambia, "niokoe, wewe ndiye jirani yangu."

Nilifanya nini? Nilifanya kama tulivyofanya Uvira. Kwenye kabureta, ralanti ikishuka, unachukua bisibisi na kukaza skrubu, basi. Na kwenye throtobodi ile nikaona skrubu ndogo, imepakwa rangi juu yake. Nikaikaza. Injini ikapanda, ikanguruma vizuri, nikajiona bingwa. Kesho yake asubuhi sailensi ilikuwa juu hadi gari likawa linajisukuma lenyewe, taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, na kwenye tuta bado lilizima!

Skrubu ile, ndugu msikilizaji, si ya sailensi. Kiwandani waliiweka ili ukingo wa kipepeo usigonge na kukwama kwenye ukuta wa bomba. Waliipaka rangi ili fundi asiiguse. Ukiizungusha, unamdanganya yule mtumishi wa kompyuta anayeitwa sensa ya kipepeo, na kompyuta haijui tena mlango uko wazi kiasi gani.

Nilipoona nimeharibu, nilitafuta njia ya kujitoa kwa heshima. Nikamwambia, "Kaka, throtobodi imekufa. Tafuta nyingine." Hakuwa na pesa. Akaenda kukopa kwenye chama chao cha kuweka akiba, kikundi cha watu kumi na wawili ambao kila wiki walitoa walichopata. Akaagiza throtobodi ya mtumba kutoka Kitale, shilingi 9,000. Nikaifunga Ijumaa usiku kwa mwanga wa simu. Jumamosi gari lilikimbia kama jipya, akapeleka hesabu. Jumapili likakimbia. Jumatatu, kwenye daraja, likazima.

Mzee mmoja fundi kutoka Ethiopia alikuwa akifanya kazi jirani na stendi. Hakuwa na mashine yoyote ya kupimia. Alisema gari liwashwe, akaweka sikio. Kisha akapitisha kiganja chini ya ule mpira mweusi wenye mikunjo unaotoka eya klina kwenda throtobodi. Akasimama. Akaniita, "Njoo, kijana wangu, weka mkono hapa." Nikasikia hewa ikinyonya ngozi yangu. Mpira ulikuwa umepasuka kwenye mkunjo wa chini, mpasuko wa urefu wa kidole, mahali ambapo huwezi kuuona ukiwa umesimama juu. Injini ikitulia, mpasuko unajifunga. Injini ikijitikisa kwa kuachia akseleta au kukanyaga breki, mpira unavutika na mpasuko unafunguka. Nilipobadilisha throtobodi niliuzungusha ule mpira kidogo bila kujua, ndiyo maana ulijiziba kwa siku mbili.

Kwa nini tundu kama hilo linaua injini? Kwa sababu kwenye gari hilo sensa ya kupima hewa iko mwanzoni mwa mpira, karibu na eya klina. Kompyuta inatoa petroli kulingana na hewa iliyopita kwenye sensa. Hewa iliyoingia kwa mlango wa wizi haikuhesabiwa, kwa hiyo petroli yake haitolewi. Injini inapata hewa nyingi, petroli kidogo, inazima. Na mlango huo wa wizi haukuingiza hewa peke yake, uliingiza vumbi la Turkana moja kwa moja hadi kwenye kipepeo, bila kupita kwenye eya klina. Ile throtobodi ya kwanza haikuwa imekufa. Ilikuwa chafu tu.

Deni la chama nililibeba mimi. Nilimlipa jirani kidogo kidogo kwa miezi mitano. Lakini ufunguo ulikuwa umekwisha kurudishwa kwa tajiri, na pesa zangu hazikuurudisha. Naogopa kulisema hilo redioni, ila nalisema kwa sababu najua yupo kijana anayenisikiliza sasa akiwa na bisibisi mfukoni.

(Muziki mfupi.)

Basi nikupe utaratibu ninaoufuata sasa. Fungua boneti gari likiwa limezimwa. Tazama mpira wa hewa, uukunjue kwa mikono yote miwili, angalia ndani ya kila mkunjo, hasa chini. Tazama mipira midogo yote inayoingia nyuma ya throtobodi, na ule mkubwa unaokwenda kwenye bakuli jeusi la breki. Mpira mgumu kama ukuni umekwisha, hata kama haujapasuka. Toa eya klina uone kama vumbi limepita upande wa pili, maana eya klina iliyokunjwa vibaya na kulazimishwa kwenye sanduku lake haizuii kitu.

Kisha washa gari, lisikilize. Tundu la hewa huwa na sauti ya kufyonza kama mtu anayekunywa uji moto. Ukishuku mahali, nyunyiza maji kidogo kwa chupa iliyotobolewa kifuniko, ukijihadhari na koili na nyaya. Sauti ya injini ikibadilika palepale, umepata. Wapo wanaopulizia petroli badala ya maji, kwa sababu injini hujibu haraka. Injini yenye moto, na petroli! Usifanye hivyo, hata kama fundi wako mkubwa anafanya.

Kama mipira yote ni mizima, sasa fika kwenye throtobodi. Zima gari, toa ufunguo, uweke mfukoni mwako wewe, si mfukoni mwa msaidizi. Kwenye throtobodi ya umeme, ufunguo ukiwashwa kipepeo kinaweza kujifunga ghafla kwa nguvu ya mota, na kidole chako kiko katikati. Chomoa plagi ya sensa ya hewa, legeza klipu, toa mpira. Utamwona kipepeo. Kisukume taratibu kifunguke. Kikigoma, usikilazimishe, kwa kuwa ndani kuna gia ndogo za plastiki. Ukiona mstari mweusi wa tope pembeni mwake na kwenye ukuta wa bomba, umemkuta adui.

Dawa yake ni ile ya kopo inayopuliza, ya kusafishia kabureta au throtobodi. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na kipuri. Usimimine ndani. Pulizia kwenye kitambaa, fulana kuukuu ya pamba inafaa, kisha futa ukingo wa kipepeo mbele na nyuma, na ukuta unaokutana nao. Kwenye kona tumia mswaki wa meno uliostaafu. Msasa usiguse hapo, wala brashi ya waya, wala ncha ya bisibisi. Baadhi ya vipepeo vimepakwa kiwandani rangi nyeusi kwenye ukingo, nayo ni sehemu ya kazi yake. Ukiikwangua hadi aluminiamu ing'ae, umeongeza upenyo ambao hutaweza kuurudisha. Tope linatoka kwa kufuta. Kisichotoka kwa kufuta kiache.

Kwenye gari la waya, vali ya sailensi iko kwenye throtobodi hiyo hiyo, mara nyingi chini. Nayo hujaa tope. Kuisafisha vizuri mara nyingi hutakiwa kutoa throtobodi yote, na hapo kumbuka kwamba nyingi zimeunganishwa na mipira miwili midogo ya maji ya rejeta. Subiri injini ipoe kabisa. Maji yale yanachubua ngozi. Ukimaliza, maji yaliyomwagika uyarudishe, kwani hewa ikibaki kwenye maji ya injini sailensi itapanda na kushuka yenyewe, nawe utarudi kuilaumu throtobodi.

Sasa linakuja jambo linalowatia mafundi wengi aibu mbele ya mwenye gari. Umesafisha vizuri, umerudisha kila kitu, umewasha, na sailensi imeruka hadi 1,500. Mwenye gari anakutazama. Unashawishika kuchukua bisibisi. Tulia. Kwa miezi mingi kompyuta ilikuwa ikipambana na lile tope. Kila upenyo ulipopungua, yenyewe iliongeza kufungua kipepeo kidogo, ikakariri. Leo tope limeondoka lakini kompyuta bado inafungua kama jana. Lazima isahau na ijifunze upya. Kwenye Toyota nyingi, toa tamino hasi ya betri kwa dakika chache, irudishe, kisha washa gari bila kukanyaga akseleta. Zima taa, AC na redio, acha injini iungurume yenyewe hadi ipate moto wake wote. Robo saa inatosha kwa nyingi. Utaona mshale unashuka polepole, kama mtu anayetuliza hasira.

Nissan nyingi za kipepeo cha umeme ni wabishi. Kuzima betri peke yake hakuzitoshi. Zinataka kufundishwa sailensi upya, mara nyingi kwa mashine ya kompyuta, na mpaka zifundishwe huweza kubaki juu. Kama huna mashine, wala humjui mwenye nayo, mwambie mwenye gari ukweli kabla hujafungua klipu ya kwanza, si baada yake.

Je, throtobodi haifi kamwe? Hufa. Kijiti cha kipepeo kikilika hadi ukikishika kinacheza juu na chini, hewa inapita pembeni yake na hakuna kusafisha kutakakoziba. Mota ikiungua, au gia za plastiki zikivunjika, au sensa ya kipepeo ikilika, taa ya injini huwaka na gari mara nyingi hukataa kuzidi mwendo wa kutembea. Mashine ikikuonyesha P2111 au P2112, inakuambia kipepeo kimekwama, wazi au kimefungwa. P2135 inasema sensa mbili za kipepeo au akseleta hazipatani. Hata hapo, kipimwe kwanza kilichochomekwa, maana plagi yenye kutu na waya uliotafunwa na panya hutoa namba zilezile. Lakini P0505, P0506 na P0507 zinasema tu kwamba sailensi si sawa. Hazisemi nunua. Nimewaona watu wakisoma P0505 kwenye simu na kwenda dukani moja kwa moja.

Ukilazimika kununua ya mtumba, nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha namba iliyoandikwa juu yake, hesabu pini za plagi, matundu ya bolti, na midomo ya maji. Sukuma kipepeo chake, kirudi chenyewe bila kukwaruza. Patana na muuzaji, mbele ya mtu wa tatu, kwamba isipofanya kazi unarudisha. Nunua na gasketi. Na ile ya zamani mpe mwenye gari aende nayo nyumbani, kwa sababu ni mali yake, na pia kwa sababu fundi anayebaki na vipuri vya watu hukosa wateja polepole bila kuambiwa kwa nini.

Kabla sijafika kwenye barua, neno juu ya moto. Tunaishi karibu karibu, nyumba zetu ni za turubai, nyasi na miti. Dawa ya kopo inashika moto, na mvuke wake unatambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa la jirani usiyemwona. Fanya kazi hii mbali na majiko. Usivute sigara. Ukimaliza kufuta, acha boneti wazi hadi harufu iishe ndipo uwashe. Na usiungurumishe injini ndani ya banda la mabati lililofungwa, hata kama nje kuna mvua au dhoruba ya vumbi. Moshi wa injini una gesi isiyo na harufu wala rangi, inaua mtu akidhani anasinzia. Kitambaa chenye dawa usikitupe mahali ambapo watoto wanaokota vitu vya kuchezea.

Sasa barua. Msikilizaji wa Nakivale, Uganda, anauliza: "Premio yangu iko sawa siku nzima, lakini nikiwasha AC kwenye foleni inazima. Fundi ameniambia ninunue throtobodi. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, fanya jaribio hili mwenyewe, halina gharama. Washa injini hadi ipate moto, AC ikiwa imezimwa. Tazama mshale wa mizunguko. Washa taa kubwa, kisha kata usukani mpaka mwisho. Mshale ukishuka kidogo kisha ukajirudisha wenyewe, kompyuta na mota ya kipepeo wanafanya kazi, wanaona mzigo na wanaongeza hewa. Kinachokosekana ni upenyo tu, kwa hiyo safisha. Mshale ukishuka na kubaki chini, injini ikitetemeka, bado safisha kwanza, kisha upime betri na altaneta, maana umeme mdogo nao huchosha injini AC ikiwashwa. Na mwombe fundi wako akuonyeshe kipepeo kwa macho yako kabla hujatoa pesa. Mfundishe kukuonyesha, usimgombeze. Huenda naye alijifunzia kwenye kabureta.

Mwingine, wa Nyarugusu, ana pikipiki inayozima akiachia mafuta, anauliza kama somo hili linamhusu. Linakuhusu nusu. Pikipiki nyingi tunazoendesha zina kabureta, na tundu la sailensi ndani yake ni dogo kama ncha ya sindano. Lipulize kwa upepo wa pampu, usilichokonoe kwa waya, maana litapanuka na pikipiki itakula petroli hadi uichukie. Kagua pia ule mpira mfupi kati ya kabureta na injini, hupasuka kama ule wa Probox. Skrubu ya sailensi kwenye pikipiki ya kabureta unaruhusiwa kuigusa. Imewekwa kwa ajili yako.

Ukiwa na swali, liandike uwaachie watoa habari wetu wa kambini, au lilete siku ya mkutano wa wasikilizaji. Andika ni gari gani, kipepeo chake ni cha waya au cha umeme, linazima likiwa baridi au likiwa moto, na kama kuna mtu aliyewahi kuzungusha ile skrubu iliyopakwa rangi. Hilo la mwisho useme kweli. Jina lake sitauliza.

(Sauti: injini inawaka, inatulia, inaunguruma taratibu. Muziki wa kufungia.)